Hewa Imeingia, Itatokea Wapi?

Toyota Mark II ya GX110 ilitoka kiwandani Japani ikiwa na injini ya 1G-FE: silinda sita, lita 2.0, nguvu za farasi 160. Ni gari la mzee mwenye heshima zake, la kupeleka watoto shuleni na kuegeshwa kivulini siku ya harusi. Miaka ikapita, bei ikashuka, kijana akalinunua. Akatafuta nusu gari iliyoletwa kutoka Japani, akang'oa 1G na kupandikiza 1JZ-GTE: silinda sita vilevile, lakini lita 2.5, tabo, farasi 280. Mjini gari linakwenda utadhani limezaliwa na injini hiyo. Siku ya mbio mambo ni mengine. Mzunguko wa tatu, sindano ya joto inaanza kupanda. Wa nne, boneti iko juu, mvuke umetanda, na watu sita wamelizunguka gari, kila mmoja na ushauri wake.

"Boss, hii inataka rejeta kubwa," fundi anasema.

"Tena, fundi? Si hii ndiyo uliniambia ni kubwa?"

Mazungumzo hayo utayasikia kila panapofanyika mbio za magari yaliyopandikizwa injini, iwe Whistling Morans pale Athi River au kwenye mashindano ya muda ya Kiamburing upande wa Limuru. Rejeta imeshabadilishwa, ni ya alumini, nene, inang'aa, na gari bado linachemsha. Maoni yangu, na nayasema nikijua wauza rejeta hawatayapenda, ni kwamba mengi ya magari haya hayana shida ya rejeta hata kidogo. Yana shida ya hewa. Tena si kwamba hewa haina pa kuingilia, maana mabampa yenyewe yametobolewa kila upande. Haina pa kutokea.

Tuanze na ukubwa wa mzigo. Injini ya petroli haina ukarimu. Kwa makadirio ya jumla, theluthi moja ya nguvu iliyomo ndani ya mafuta hugeuka kazi ya kusukuma gari, theluthi hutoka na moshi wa ekzosi, na theluthi iliyobaki huingia kwenye maji, oili na mwili wa injini. Farasi 280 ni kilowati 206. Mguu ukiwa chini kabisa, maji ya rejeta yanaweza kubebeshwa kilowati 100 au zaidi. Hizo ni birika 50 za umeme, zile za kilowati 2, zinazochemka kwa pamoja chini ya boneti moja.

Barabarani hakuna anayekanyaga namna hiyo kwa zaidi ya sekunde chache. Hata kwenye Thika Road, ukiwa kilomita 100 kwa saa, gari linatumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Ndiyo maana Mark II hiyohiyo inaweza kwenda Mombasa na kurudi bila kulalamika, kisha ikashindwa na dakika kumi za uwanjani.

Sasa upande wa pili wa hesabu. Maji hayalimalizi joto la injini. Yanalihamisha tu mpaka kwenye rejeta, na pale hewa ndiyo inayolipokea na kuondoka nalo. Tuseme hewa yote inayopita kwenye rejeta inapanda joto kwa nyuzi 40. Ili ibebe kilowati 100, zitahitajika kilo 2.5 za hewa kila sekunde. Mombasa, siku ya nyuzi 30, kilo hizo ni mita za ujazo 2.2 hivi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na uzito uleule unahitaji karibu mita za ujazo 2.6. Limuru, mita 2,200 na ushee, unakaribia 2.7.

Chukua rejeta ya sentimita 65 kwa 40. Ili ipitishe hewa yote hiyo ya Nairobi, hewa lazima ipenye kwenye mbavu zake kwa mwendo wa karibu mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa. Huo si mwendo wa gari, ni wa hewa ndani ya rejeta yenyewe. Na katika gari la kawaida hewa inayopenya rejeta mara nyingi huenda kwa robo tu ya mwendo wa gari, au chini ya hapo. Gari liko kilomita 100, hewa ndani ya rejeta iko 25. Deni limeanza hapo, kabla hujafika kwenye kona.

Mwinuko una ujanja mwingine ambao wenye tabo huusahau. Injini isiyo na tabo ikipanda nyanda za juu hupoteza nguvu kadiri hewa inavyokuwa nyepesi. Ikiwa Nairobi inanyang'anywa karibu asilimia 18, na joto lake nalo linapungua kwa kiasi kama hicho. Imejipunguzia mzigo bila kuambiwa. Tabo haikubali kunyang'anywa. Inazunguka kwa kasi zaidi, inaishindilia hewa, inairudishia injini presha yake. Joto linabaki palepale huku hewa ya kulibeba imepungua. Baridi ya Limuru hulipa sehemu ya deni hilo, kwa sababu pengo kati ya maji ya nyuzi 95 na hewa ya nyuzi 18 ni kubwa. Athi River haina hisani hiyo. Iko zaidi ya mita 1,500 juu, na saa saba za mchana mwezi wa Februari jua linaunguza lami kana kwamba uko pwani. Hapo una hewa nyepesi na hewa ya moto kwa wakati mmoja.

Kinachoisukuma hewa ipite ni presha, na presha yenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa kilomita 100 kwa saa, katika hewa ya Nairobi, presha yote unayoweza kuipata mbele ya bampa ni sawa na maji ya kina cha sentimita 4. Kwa kilomita 150 inakaribia 9. Huo ndio mtaji wote. Kwa mtaji huo hewa lazima ipenye intakula, kile kipoza hewa cha tabo, ipenye kondensa ya AC ikiwa bado ipo, ipenye rejeta, ipite kwenye feni, iizunguke injini na manifodi, ndipo itafute njia ya kutoka. Ikiona mwanya pembeni mwa rejeta inapita hapo, haisumbuki na mbavu. Kadiri rejeta inavyokuwa nene, ndivyo inavyoonekana ngumu kupenya, na ndivyo hewa inavyozidi kuukimbilia mwanya. Hii ndiyo sababu rejeta nene iliyofungwa mbele ya gari lililojaa mianya inaweza isipoze zaidi ya ile ya zamani.

Kiwandani walilijua hilo. Mark II ya iR-V ilitoka Japani na 1JZ-GTE tangu mwanzo, ndani ya mwili huuhuu wa X110, na mbele yake palikuwa na vitu ambavyo havionyeshwi na mtu kwenye picha: vibao vya plastiki pembeni mwa rejeta, vipande vya sponji vya kuziba nafasi kati ya rejeta na fremu, na plastiki pana chini ya bampa. Injini inapong'olewa, vitu hivyo huwa vya kwanza kutupwa. Vingine vimevunjika, vingine vinamzuia fundi kufikia bolti, na hakuna anayenunua nusu gari kwa ajili ya plastiki.

Kuna kipimo kisichogharimu kitu. Usiku, funga boneti, weka taa yenye mwanga mkali nyuma ya rejeta, kisha chuchumaa mbele ya gari na uchungulie kupitia grili. Mwanga unaouona kupitia mbavu za rejeta ni halali. Mwanga wowote unaochomoza pembeni, juu au chini ni mwanya. Nimeona gari ambalo mwanga ulimwagika kutoka chini ya rejeta mpaka ukamulika sakafu ya gereji, pengo la kupitisha ngumi mbili, na mwenyewe alikuwa ameshaagiza rejeta ya pili.

Kuziba si kazi ya siku nyingi. Fundi anakata kwanza kadibodi, anaijaribu, anaipunguza kwa mkasi, anaijaribu tena mpaka ikae. Ndipo anaihamishia kwenye bati la alumini la milimita 1. Bati moja kila upande, kutoka kwenye mdomo wa bampa hadi kwenye ukingo wa rejeta. Moja chini, la kuwa sakafu. Moja juu, la kufunika pengo chini ya kufuli ya boneti. Riveti zinatosha. Mahali bati linapogusana na rejeta usilibane chuma kwa chuma, maana injini inatikisika na alumini itasagika mpaka itoboke. Weka sponji ngumu, ile isiyonyonya maji, iliyobanwa kidogo. Ukimaliza, matundu mengine yote ya bampa yasiyopeleka hewa kwenye rejeta, intakula au breki, yazibe. Yanaongeza upinzani wa upepo tu.

Watu hushtuka wakiambiwa kwamba mdomo wa kuingilia hauhitaji kuwa mkubwa kama rejeta. Ukiwa na njia iliyofungwa vizuri, inayopanuka taratibu kutoka mdomoni hadi kwenye rejeta, mdomo wa theluthi moja ya eneo la rejeta unatosha. Hewa inaingia kwa kasi, njia inapanuka, kasi inapungua na presha inapanda, na presha hiyo ndiyo inayoipenyeza kwenye mbavu. Si elimu mpya. Katika miaka ya 1930 Mwingereza F. W. Meredith alionyesha kwamba rejeta ya ndege ikiwekwa ndani ya njia ya aina hiyo, joto lake linaweza hata kurudisha sehemu ya nguvu iliyopotea kwa upinzani wa hewa. Ndege ya kivita ya P-51 Mustang ilibeba rejeta tumboni kwa mpango huo: mdomo mdogo, tumbo pana, na mkia mwembamba wenye kibao cha kufungua na kufunga. Gari halitapata msukumo wa bure namna hiyo, lakini umbo la njia linafaa kuigwa.

Mkia ndio tunaousahau. Ukiwa umeziba mbele vizuri na nyuma ya rejeta kumejaa, hewa itasimama. Presha ya mbele itakuwa juu, ya nyuma itakuwa juu vilevile, na hakuna kitakachosogea. Chini ya boneti ya Mark II yenye 1JZ kuna injini ndefu, tabo na manifodi yake, mabomba ya intakula, betri, mitungi ya maji na ya oili. Na kama ile plastiki ya chini haipo, hewa inayopita chini ya bampa inaingia kutokea huko na kuongeza msongamano. Gari linajaza chumba chake lenyewe.

Hapa ndipo vijana wetu wana dawa yao maarufu: kuinua boneti kwa nyuma kwa kuweka washa nene chini ya bawaba zake, ili "joto litoke". Gari likiwa limesimama, dawa hiyo inafanya kazi, kwa sababu hewa ya moto hupanda. Likiwa mwendoni ni kinyume. Chini ya kioo cha mbele upepo unagonga kioo na kujikusanya, presha inapanda, na hewa inaingia kupitia pengo lile badala ya kutoka. Watengenezaji wa magari ya mbio ya Marekani wamelitumia jambo hilo kwa miaka mingi kwa makusudi, wakichukua hewa ya kabureta kutoka hapohapo kwa sababu ina presha. Wewe pengo hilo umeliweka ili kutoa hewa. Nimewaambia watu wengi hivyo na wengi wameziacha washa zao palepale, kwa sababu gari linapendeza. Sawa, lakini tusiite hiyo njia ya kupoza.

Mahali pa kutolea hewa ni mbele zaidi, nyuma tu ya rejeta, theluthi ya kwanza ya boneti au kuelekea katikati. Hapo upepo unapanda juu ya pua ya gari na kuongeza kasi, presha inashuka chini ya ile ya kawaida, na boneti inanyonya. Tundu likikatwa hapo na kuwekewa ukingo mdogo uliosimama upande wake wa mbele, unyonyaji unaongezeka. Wanaokumbuka Safari Rally ya miaka ya 1990, mwaka 1994 Ian Duncan aliposhinda kwa Toyota Celica Turbo 4WD, warudie kuitazama boneti ya Celica za kizazi hicho. Toyota ilitoa magari 5,000 maalumu ili yakubalike kwenye mashindano, ikaiondoa intakula ya hewa juu ya injini na kuweka ya maji, na boneti nayo ikapata matundu ya kutolea joto. Kampuni ya ukubwa ule haikati boneti kwa urembo.

Kabla hujachukua msumeno, pima. Njia ya kwanza ni vipande vya uzi wa sufu, urefu wa kidole, vilivyobandikwa kwa utepe juu ya boneti kwa mistari. Mwenzako anapiga picha za video kutoka gari la pembeni, uwanjani, si barabarani. Uzi uliolala kuelekea nyuma unaonyesha hewa inayotembea vizuri. Unaocheza ovyo, au kuelekea mbele, unaonyesha mahali pasipofaa. Njia ya pili ni nzuri zaidi: mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliopindwa kama herufi U kwenye ubao ndani ya gari, na maji yaliyotiwa rangi ndani yake. Ncha moja iko mbele ya rejeta, ya pili nyuma yake. Tofauti ya urefu wa maji katika mikono miwili ya U ndiyo presha inayosukuma hewa kwenye rejeta yako. Ukiona tofauti ni sentimita 1 tu kwa kilomita 100, na tunajua mtaji wote ni 4, basi unajua pa kutafuta. Hamisha ncha ya mbele uiweke ndani ya kabini, dirisha likiwa wazi kidogo, uone kama nyuma ya rejeta kumesongamana. Ukikata matundu, rudia kupima palepale kwa mwendo uleule. Vipimo hivi vinashinda ubishi wote wa gereji.

Matundu ya kutokea yawe na eneo kubwa kuliko mdomo wa kuingilia, maana hewa iliyopashwa nyuzi 40 imevimba kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Mvua ikinyesha yataingiza maji, na kibati kidogo chini yake cha kuyapeleka pembeni kinatosha kuiokoa oltaneta.

Feni ni sura nyingine, fupi. Inatakiwa kwenye foleni, kwenye mstari wa kuanzia na kwenye kona za polepole za kupanda mlima, mahali injini inafanya kazi kubwa na gari haliendi. Feni za umeme zinazotangazwa kuwa zinavuta futi za ujazo 3,000 kwa dakika ni sawa na mita za ujazo 1.4 kwa sekunde, tena zikipimwa bila rejeta mbele yake. Tumeshaona kwamba unahitaji zaidi ya 2.5. Kwa hiyo feni ni msaada, si suluhisho. Kava yake ifunike rejeta yote, isiwe duara mbili zilizofungwa kwa vijiti vya plastiki vinavyopenya mbavu. Na kwa kuwa kava hiyo huzuia hewa gari likiwa na kasi, ikate matundu na kuyafunika kwa vipande vya mpira vinavyofunguka vyenyewe upepo ukisukuma.

Intakula nayo ina kesi ya kujibu. Magari ya JZX100, kizazi kilichoitangulia X110, yalitoka kiwandani na intakula ndogo iliyokaa pembeni, nyuma ya bampa. Tunaitoa na kuweka kubwa inayoonekana mbele yote, jina la kampuni limeandikwa kwa rangi nyeupe. Inaimwagia rejeta kilowati kumi na kitu za joto, na kwa farasi 280 ukubwa huo wote hauhitajiki. Ikae chini, ifunike nusu ya rejeta au pungufu, na nusu ya juu ipate hewa isiyoguswa. Kondensa ya AC, kama gari ni la mbio tu, itoke.

Upande wa maji sina haja ya kukaa sana, isipokuwa kwenye kifuniko cha rejeta. Maji hayachemki kwa nyuzi 100 Nairobi. Bila presha yanachemka kwa nyuzi 94, na Limuru kwa 92 au 93. Injini yenyewe inataka kufanya kazi kwa nyuzi 85 hadi 95. Maana yake gari lenye kifuniko kilichochoka linachemsha likiwa katika joto lake la kawaida, halijaharibika kitu kingine. Kifuniko kizima kilichoandikwa 0.9 kinapandisha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 115 Nairobi, na 118 pwani. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote katika makala hii, na wengi wanaacha kukibadilisha mpaka gasketi ya silinda hedi iungue.

Maji yenyewe yawe safi, yaliyochujwa chumvi, pamoja na dawa ya kuzuia kutu, kwa kuwa bloku ya 1JZ ni ya chuma na hedi ni ya alumini. Maji ya kisima yanaacha magamba ndani ya rejeta, na magamba hayapitishi joto. Kuchanganya nusu kwa nusu na glaikoli hakuna faida kubwa kwetu, hakuna barafu ya kuogopa, na mchanganyiko huo unabeba joto pungufu kuliko maji matupu. Mashindano mengi duniani, hasa ya pikipiki, yanaikataza kabisa kwa sababu ikimwagika lami inakuwa utelezi.

Na themostati isitolewe. Najua ndiyo dawa ya kwanza ya mafundi wengi kutoka Gikomba ya Nairobi hadi Gerezani ya Dar es Salaam. Katika injini nyingi za Toyota themostati ina kazi mbili: ikifungua njia ya rejeta, inafunga njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini bila kupozwa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji haifiki kwenye rejeta kabisa. Umeondoa kifaa cha shilingi chache na kujitengenezea joto.

Usiiamini geji ya kiwandani. Katika magari mengi sindano yake imepangwa isimame katikati kwa nyuzi nyingi ili dereva asihangaike. Inapoanza kusogea, umeshachelewa. Weka geji yenye namba, moja ya maji na moja ya oili. Oili hupata joto polepole kuliko maji na hupoa polepole, na mara nyingi ndiyo inayomaliza mbio: maji yametulia kwenye 95 na oili imevuka 130 bila mtu kutazama. Rejeta ndogo ya oili, yenye themostati yake na njia yake ya hewa, ina thamani kuliko rangi yoyote ya boneti. Na kama sindano ya maji itapanda kisha ianguke ghafla, zima injini. Maji yameisha, kipima joto kinaning'inia kwenye mvuke, na kinakudanganya.

Jambo moja la mwisho la usalama. Manifodi ya ekzosi na tabo za 1JZ ziko upande wa kulia, na kwetu huo ndio upande wa dereva, ulio na mtungi na pampu ya breki. Joto linaloshindwa kutoka chini ya boneti linakaa hapo. Bati la kukinga kati ya tabo na pampu ya breki, likiwa na pengo la hewa nyuma yake, lifungwe kabla gari halijaingia uwanjani hata mara moja. Na mzunguko wa mwisho uendeshwe polepole, feni ziendelee kuzunguka baada ya gari kusimama, na kifuniko cha rejeta kisiguswe mpaka mpira wa juu ubonyeke mkononi kwa urahisi.

Kwa wale ambao injini yao bado iko kwa muuzaji: mkienda kuichukua, msiridhike na injini, gia, waya na kompyuta peke yake. Ombeni na ile plastiki ya chini, vile vibao vya pembeni mwa rejeta, na sponji zake hata kama zimekauka, maana zitatumika kama kipimo cha kukatia nyingine. Muuzaji atawashangaa, na kwa vile hakuna anayeviulizia, huenda akawapa bure.